Ukizamia Jumapili, Huruki

"Nipeleke Jumapili asubuhi," alisema Ianthe. "Nataka kuzamia Jumapili."

Denroy hakuinua kichwa. Alikuwa anafunga mtungi wa hewa kwenye boti yake, pale gatini. Miaka saba hajaisikia sauti ile.

"Jumapili haiwezekani. Unarudi Brooklyn Jumapili mchana, Shangazi yako Vernice ametangaza kisiwa kizima. Mtu akitoka chini ya maji anakaa siku nzima ndiyo apande ndege. Au umesahau hewa inavyogeuka povu kwenye damu?"

"Nikumbushe."

"Ndiyo nakukumbusha. Njoo Alhamisi."

"Alhamisi napika. Ijumaa nasukwa. Jumamosi ndiyo harusi. Hivi mtu akija harusini kwao anapewa likizo au anapewa kazi?"

"Basi usizamie."

Ianthe akashusha miwani yake ya jua usoni, akaondoka zake. Denroy akaendelea kuufunga mtungi ambao alikuwa ameshaufunga.

Tuseme ukweli, alikuwa anampenda yule mwanamke hata usingizi ulimkataa. Yeye ndiye aliyemfundisha kuzamia, hapo hapo kwenye kisiwa chao cha Carriacou, huko Karibi. Mkesha wa safari ya Ianthe kwenda kusomea udaktari wa meno, alimwomba wazamie mara moja tu ya kuagana. Denroy akakataa, kisa ndege. Msichana aliruka salama, na yeye akabaki na moyo wake mkononi, hajui auweke wapi. Sasa Ianthe amerudi kwa harusi ya binamu yake, Shermaine, anayeolewa na Curtis, rafiki wa Denroy wa kufa na kuzikana. Wageni wamejaa kutoka Brooklyn na Huddersfield kule Uingereza, na kila mmoja anataka akaone samaki kati ya saluni na kanisa. Denroy aliwapanga wote wakapangika. Aliyemshinda ni huyo mmoja.

Alhamisi mchana simu yake ikalia. Ujumbe.

"Shangazi amenifungia jikoni na sufuria la konokono wa bahari. Vipi Jumapili?"

Denroy akaandika maneno mengi, akayafuta yote. Akatuma: "Hapana."

"Hata salamu hakuna?"

"Habari za mchana. Hapana."

Curtis, aliyekuwa anachungulia begani kwake, akashika kiuno.

"Wewe una kichwa au boya? Mwambie abaki."

"Kule amekuwa daktari, Curtis. Nimwambie abaki hapa anitazame nikisuuza mitungi?"

"Kwa hiyo utamwangalia anapanda ndege tena."

"Nitambebea na sanduku."

"Sanduku la nini. Jumamosi unanibebea bendera ya harusi. Na bendera ya upande wa Shermaine anaibeba nani, unajua?"

Denroy alijua. Ianthe.

Jumamosi ngoma zikalia, pande mbili zikakutana njia panda, kila upande na keki yake kichwani na bendera yake mbele. Hapo watu wanacheza, wanasukumana, wanatambiana, na mwisho bendera ya bwana harusi lazima ikae juu. Ya bibi harusi inaringa kidogo, inashuka, watu wanaenda kula. Ndivyo inavyokwenda siku zote.

Siku hiyo ya bibi harusi haikushuka. Denroy akiinua, Ianthe anainua. Denroy akizunguka, Ianthe yuko mbele yake, misuko yake mpya inang'aa, jasho linamtiririka, mkono haulegei.

"Shusha," Denroy alimwambia kwa sauti ya chini.

"Sishushi. Kwa nini hutaki kunipeleka Jumapili?"

"Unaniuliza hapa, mbele za watu?"

"Gatini ulikuwa unaongea na mtungi."

"Ianthe, mwanangu," Shangazi Vernice alilia kutoka nyuma, keki kichwani, "hii keki imekunywa ramu kuliko baba yako. Shingo yangu inakatika."

"Vumilia kidogo, shangazi. Huyu bwana ana jambo la kusema."

Denroy akaona wazi kwamba leo hatoki. Curtis anamkodolea macho, Shermaine amejishika mdomo, nusu ya kisiwa inangoja kula.

"Kwa sababu ukizamia Jumapili huruki," alisema.

"Endelea."

"Na mimi sitaki ubaki kwa sababu nimekukosesha ndege. Nataka ubaki kwa sababu umetaka. Nakupenda, Ianthe. Haya, umesikia. Mpiga ngoma naye amesikia."

Mpiga ngoma alikuwa ameacha kupiga kitambo.

"Denroy, hiyo sheria ya ndege nani alinifundisha?"

"Mimi."

"Nilifaulu?"

"Uliwapita wote."

"Sasa mtu aliyewapita wote anakujia gatini anakuomba Jumapili. Anakutumia ujumbe, Jumapili. Wewe unadhani alikuwa anaomba samaki?"

Denroy akasahau kabisa kwamba ameshika bendera. Ikaanza kuinama yenyewe, na upande wa bibi harusi ukalipuka kwa vigelegele.

"Bendera yangu, we mtu," Curtis akafoka.

Ianthe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaishusha ya kwake taratibu, mpaka chini ya ile ya Denroy iliyoinama.

"Inua," alimnong'oneza. "Unamwaibisha bwana harusi."

Denroy akainua, na mkono wake mwingine haukumwachia Ianthe mpaka keki ilipokatwa.

Jumapili walitoka mapema, wawili tu. Wakazamia bega kwa bega. Walipopanda botini Denroy akamvua mtungi, akamfunika taulo.

"Na kazi yako ya Brooklyn?"

"Niliaga kabla sijaja. Meno ya hapa nayo yanaoza."

"Na kama ningekataa tena?"

"Ningezamia na boti ya mtu mwingine, halafu ningekuja kukutukana kwako."

Simu ya Ianthe ikatetemeka kwenye begi. Alikuwa Shangazi Vernice: "Dereva anapiga honi. Sanduku liko mlangoni. Uko wapi wewe?"

Ianthe aliishika misuko yake ya juzi, iliyomkalisha kitini tangu asubuhi hadi jioni, sasa inachuruzika maji ya chumvi. Akajibu: "Shangazi, nimeshalowesha nywele."

Jibu lilichelewa. Boti ilikuwa imeshageuza kurudi gatini lilipoingia.

"Sanduku nimelirudisha ndani. Mwambie huyo Denroy konokono wamebaki, aje na sahani yake."