Siku Ngendo Alipoficha Pumu

Kila asubuhi, kabla hajatia mguu nje, Ngendo alikaa kitandani akakisikiliza kifua chake. Surua ilikuwa imempofusha akiwa mchanga, lakini masikio yake yalikuwa makali ajabu. Pumu yake ilikuwa na desturi ya kuanza kwa mluzi mwembamba kabla ya kubana. Mluzi ukisikika, ni kumeza kidonge mara moja na kumwambia mtu mzima. Ndivyo alivyofundishwa katika shule ya wasioona kule Thika.

Likizo hiyo ya Agosti, katikati ya miaka ya hamsini, alikuwa nyumbani Ruiru, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa. Kwa mara ya kwanza mwalimu wake alikuwa amemwachia chupa ya vidonge aitunze mwenyewe. Ngendo alikichanja kizibo kwa kisu asije akaichanganya na nyingine, na chupa yenyewe aliiweka kando ya mto wake.

Mama yake, Wamboi, hakupendezwa hata kidogo.

"Ukibanwa hata mara moja," alimwambia, "chupa naichukua, na Thika hutarudi. Nani atakuangalia huko?"

Maneno hayo yalimchoma Ngendo. Huko Thika alisoma kwa vidole, akaimba, akacheka na wenzake, na hakuna aliyemwita maskini. Kuikosa shule ile aliona ni kama kuzikwa akiwa hai.

Basi asubuhi moja ya ukungu na baridi kali, mluzi ukasikika.

"Kifua kikoje?" mama aliuliza huku akifagia.

"Kizuri, mama," Ngendo akajibu upesi.

Alikuwa amepiga hesabu zake: mama akishaondoka kwenda shambani, atameza kidonge kimyakimya na mambo yatakwisha. Mlango ukafungwa. Ngendo akanyoosha mkono kando ya mto, akapapasa. Hakukuwa na kitu.

Wamboi, katika kupanga nyumba, alikuwa ameipandisha chupa kwenye rafu ya juu isije ikaanguka. Hakumwambia Ngendo, kwani alisahau kwamba ni mwenye macho tu angeiona huko.

Ngendo alipapasa chini ya kitanda, mezani, nyuma ya mtungi. Nje, nyapara alikuwa ameamuru matawi ya kahawa yaliyopogolewa yachomwe, na moshi ukaanza kupenya chini ya mlango. Kifua kikakaza. Kila pumzi ilikuja fupi kuliko iliyotangulia. Alitaka kumwita mama, lakini sauti haikutoka, na hapo ndipo alipoogopa kweli. Akaliokota debe tupu lililokuwa mlangoni, akaligonga kwa nguvu zake zote.

Jirani yao Amida akaja mbio.

"Haiya! Mtoto umeingiwa na baridi!" alipiga kelele. Akamlaza chali, akamrundikia mablanketi, akafunga dirisha, kisha akaingiza jiko lake la makaa ndani. Pale kambini, kila kifua kiliponywa namna hiyo.

Ngendo alihisi giza la aina nyingine linamjia. Kumkatalia mtu mzima ni utovu wa adabu, alilijua hilo. Hata hivyo, aliyasukuma mablanketi, akaketi, akaegemeza viwiko magotini.

"Jiko... nje," alisema. "Chupa... kizibo... kimechanjwa."

Amida alisita, kisha akalitoa jiko na kufungua dirisha la upande usio na moshi. Akateremsha chupa zote za rafuni, akampa Ngendo moja moja mkononi. Ya kwanza ilikuwa ya mafuta. Ya pili ilikuwa ya dawa ya kichwa. Ya tatu vidole vikagusa mikato. Ngendo akameza kidonge kwa maji, akaanza kutoa pumzi polepole kama anayepuliza uji, huku Amida akimtuma mtu amwite Wamboi na Muthoka, dresa aliyewatibu wagonjwa zahanatini.

Muthoka alifika na sindano, akamdunga. Kifua kilichukua muda mrefu kufunguka, na muda wote huo Wamboi, aliyekuja mbio kutoka shambani, alikaa kando ya kitanda.

"Nani aliihamisha chupa?" Muthoka aliuliza baadaye.

"Mimi," Wamboi alisema.

"Mama, kwa asiyeona, kitu ukikihamisha bila kumwambia, umekipoteza. Na wewe, Ngendo, ulianza kusikia mluzi lini?"

Ngendo aliinamisha kichwa. "Asubuhi. Nilidanganya. Niliogopa sitarudishwa shule."

Wamboi akaangua kilio.

"Kujitunza si kuficha," Muthoka alisema. "Anayejitunza husema mapema na kumeza dawa mapema. Uongo wa leo ungekuua. Lakini ulijua namna ya kukaa, na uliijua chupa yako. Kama si hivyo, ningekukuta maiti."

Alasiri moja kabla ya likizo kwisha, mama na binti walikuwa wakichambua maharagwe.

"Mama," Ngendo alisema, "kifua kimeanza."

Mikono ya Wamboi ikasimama. Alitamani kuruka, kukimbilia blanketi, kupiga mayowe. Akajizuia.

"Unataka nikufanyie nini?"

"Maji tu. Dawa ninayo mfukoni."

Wamboi akayaleta, akaketi karibu akisikiliza mpaka mluzi ulipofifia.

"Hivyo hivyo," alisema, "ndivyo utakavyofanya ukirudi Thika."