Saa Isiyokosea

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, nyumba ya fundi saa ilinyamaza. Redio ndogo juu ya kabati ilisema peke yake. Mama alisimama mbele yake, saa ya mteja mkononi na kidole kimoja juu, kama mwalimu anayesubiri darasa litulie. Milio ya kutimia saa moja ilipolia, alikishusha kidole, akautazama mshale, ndipo watu wakaruhusiwa kupumua. Ole wake atakayegonga kikombe kwa kijiko wakati huo!

Aliyeteseka zaidi kwa ukimya huo ni binti yake. Nyumbani walimwita Chiriku, na jina hilo hakulipata bure. Maneno yalianza kumtoka anapofumbua macho, na wapo walioapa kwamba hata usingizini anaendelea. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi wa kusaidia, mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kumkatiza mtu kauli.

Mwanzoni mwa muhula ule, mjomba wake Chiriku alihamishiwa kazi mbali, akamleta binti yake akae kwa shangazi yake ili asikatize masomo. Msichana huyo alikuwa wa rika la Chiriku, ila hawakufanana hata kidogo. Alitembea polepole, akala polepole, na ukimuuliza jambo alifikiri kwanza. Haikuchukua muda akaitwa Taratibu.

Siku za mwanzo Chiriku alimfurahia. Kisha akaanza kuhesabu. Nani kasukwa nywele kwanza? Nani kapewa kikombe kipya? Nani kaitwa "mwanangu" kwa sauti laini? Hesabu za wivu hazina jibu jingine: kila alipojumlisha, alijikuta amepunjwa yeye. Hata mezani, wakati wa kazi za shule, alikereka. Taratibu aliandika kwa mkono wa kushoto, na viwiko vyao viligongana kila mara.

"Huyo mtu kakaa vibaya makusudi," alinung'unika Chiriku moyoni.

Alasiri moja walirudi kutoka shule wakamkuta mgeni karakanani, kile chumba cha mbele ambamo Mama alifanyia kazi. Alikuwa mwanamke aliyevaa nadhifu.

"Shikamoo," wakasema.

"Marahaba, wanangu. Hamjambo?"

Wakatazamana macho yamewatoka. Sauti ile! Ilikuwa ni ile ya redio, inayowaambia kila asubuhi kuwa ni saa moja kamili. Mtangazaji mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya nyumba yao, na alikuwa na miguu na viatu kama watu wengine.

Alifungua kitambaa, akaweka mezani saa ya dhahabu, uso wake mweupe kama maziwa.

"Fundi, nimerudi tena," alisema. "Hapa mezani kwako inakwenda vizuri. Nikiivaa, baada ya siku chache iko nyuma. Wenzangu kazini wananicheka: 'Dada anawatangazia watu saa, na yake haijui saa!'"

"Pole sana, dada yangu."

"Saa za kazini zipo, sikatai. Lakini hii aliivaa baba yangu mpaka alipofariki. Nataka kuivaa, siyo kuifungia sandukuni. Kama na safari hii haitakaa sawa, usinielewe vibaya, nitampelekea fundi mwingine."

Mama aliumia, Chiriku aliliona hilo usoni mwake. Mama hakuwa na bango kubwa wala duka la vioo. Alichokuwa nacho ni jina, na jina likishachafuka halisuguliwi kwa sabuni.

"Niachie mpaka Jumamosi," Mama alisema. "Safari hii sitaipima mezani, nitaipima mkononi. Mabinti zangu wataivaa humu ndani tu, maana saa hii haina betri, inajijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Mezani hainiambii ukweli wote."

Mtangazaji alifikiri, akakubali, akaaga.

Mlango haujafungwa sawasawa, Chiriku alikuwa ameshanyoosha mkono wa kushoto, kifundo wazi. "Nivalishe, Mama! Ni mimi, si ndiyo?"

"Hapana, ataanza mwenzako. Unajua, saa hii..."

"Kila kitu yeye!"

"Nisikilize kwanza, mwanangu. Sababu yake ni kwamba..."

"Kila kitu Taratibu! Mimi si mtoto wako?" Akatoka mbio, mlango ukalia pwaa nyuma yake. Mama akatikisa kichwa. Mteja mwingine aliingia wakati huohuo, na maneno yakaishia hapo.

Kutoka dirishani Chiriku alimwona Mama akimfunga Taratibu ile saa kwenye mkono wa kulia, polepole, kama anayemvisha bibi harusi. Roho ilimuuma. Wakati wa chakula cha jioni aliisukuma sahani kando.

Kila jioni, alipokwenda kuoga, Taratibu aliivua saa na kuiweka juu ya kitambaa kwenye kisahani. Jioni ile Chiriku alinyata hadi kwenye kisahani. Alikuwa mtoto wa fundi, hakuhitaji kufundishwa. Alikivuta kitufe cha pembeni, akaurudisha mshale nyuma kidogo, akakisukuma mahali pake. "Tuone kama ataitwa mwanangu kesho," alisema moyoni.

Asubuhi redio ilipolia, Mama alikunja uso. "Mbona imechelewa hivi?" Jioni ya pili Chiriku akarudia. Na asubuhi yake Mama akakunja uso zaidi. Taratibu aliinamisha kichwa.

Ndipo Mama alipovaa miwani yake ya kazi, akafungua mgongo wa saa, akakisogeza kijiti kidogo cha ndani kinachoongoza mwendo.

"Nimeiongezea mwendo," alisema. "Tena, Taratibu, usihuzunike. Wewe ni mtulivu mno, huenda mkono wako hauipi saa mtikisiko wa kutosha. Tumjaribu mwenzako, ambaye hakai hata amefungwa kamba. Chiriku, vaa mkono wa kulia. Usihamishe."

Lo! Chiriku alikuwa kama amepewa ufunguo wa mji. Mkono wa kulia ulipata kazi usizozijua. Alijikuna kichwa kisichowasha, akaonyesha vitu ambavyo kila mtu alikuwa akiviona, akapungia paka. Wala hakujiuliza kwa nini mkono wa kulia, wakati Mama na mafundi wote aliowajua walivaa saa kushoto.

Lakini alfajiri yake, kabla wengine hawajaamka, aliilinganisha na saa kubwa ya ukutani karakanani. Saa ya dhahabu ilikuwa imekimbia mbele, tena si haba. Alielewa papo hapo. Mama alikuwa ameiharakisha kwa sababu ya kuchelewa ambako hakukuwa kwa saa. Kulikuwa kwa vidole vyake yeye.

Angeweza kusema asubuhi ile. Badala yake alikivuta kitufe, akauweka mshale sawa na wa ukutani.

Redio ikalia. Mama akautazama mshale, akacheka kwa furaha. "Haijatoka hata sekunde! Mwanangu, mkono wako una baraka!"

Neno lile lilikuwa tamu kuliko sukari, na Chiriku alikuwa amelisubiri muhula mzima. Kwa hiyo alfajiri iliyofuata akairekebisha tena. Na iliyofuata tena. Kila mara saa ilikuwa imekimbia, kila mara akairudisha, na kila mara sifa zile zilipungua utamu. Siku ya mwisho zilikuwa chungu kama dawa.

Jumamosi Mtangazaji alifika. Mama aliichukua saa kutoka mkononi mwa Chiriku, akaifuta kwa kitambaa laini.

"Asubuhi tatu mfululizo, dada, haijakosea hata se..."

Akaitazama saa. Akaiweka sikioni. Chiriku aliona tabasamu la mama yake likiondoka kidogokidogo.

"Kuna nini, fundi?" aliuliza Mtangazaji.

"Furaha ilinipumbaza," alisema Mama polepole. "Saa ya magurudumu na springi, isiyo na betri, iwe ya dhahabu, iwe ya bei ya nyumba, haikosi kukimbia au kuchelewa sekunde chache kwa siku. Leo inavaliwa na mtu mwenye mbio, kesho inalala, keshokutwa kuna joto. Isiyokosea kabisa haipo. Ikipatikana, basi kuna mkono wa mtu." Akawageukia wasichana. "Nani amegusa kitufe?"

Chumbani kukasikika tiki, tiki, tiki.

Mtangazaji alimtazama Taratibu. Mama naye, bila kutaka, akamtazama Taratibu. Yule mgeni, yule mkimya, ambaye saa ilichelewa mkononi mwake. Ilikuwa rahisi mno. Chiriku asingehitaji hata kusema uongo. Angekaa kimya tu, kwa mara moja maishani mwake.

Taratibu aliinua macho, akamtazama Chiriku. Chiriku akatambua kwamba anajua. Alikuwa anajua tangu jioni ya kwanza.

"Ni mimi," alisema Chiriku. "Taratibu alipoivaa, niliichelewesha mimi ili aonekane hafai. Nilipoivaa mimi, ilikimbia, nikawa naisahihisha kila alfajiri. Mama, uliiharakisha kwa ajili ya uongo wangu. Ukimpa hivyo, itamharibikia, na atasema hujui kazi." Machozi yakamtiririka. "Nilimwonea wivu. Nilidhani umempenda kuliko mimi."

Mama aliketi. Kisha akamgeukia Mtangazaji. "Dada, saa yako haijapona. Nimeirekebisha kwa kufuata uongo uliotoka nyumbani mwangu. Ukitaka kuipeleka kwingine, sina neno."

Mtangazaji aliichezea saa kiganjani. "Mwingine angenikabidhi, akanyamaza, nikaondoka nayo," alisema. "Nakuongezea wiki. Nipe karatasi nikuandikie namba yangu mpya ya simu."

Alipoinama kuandika, alama ya mkanda wa saa ikionekana kwenye mkono wake wa kulia, Mama alimgusa Chiriku bega. "Anaandika kwa mkono gani?"

"Kushoto," alisema Chiriku akijifuta kamasi.

"Na saa anaivaa wapi?"

"Kulia."

"Na nani mwingine nyumbani humu anaandika kwa kushoto?"

Chiriku akageuka, akamtazama Taratibu, na Mama akaendelea:

"Saa ikivaliwa kulia, mkono ukining'inia, kitufe chake kinatazama juu. Ikivaliwa kushoto, kinatazama chini. Saa ikigeuka hivyo, mwendo wake nao hubadilika. Mpaka nilipoiona alama hiyo mkononi mwake siku ile, nilikuwa naitengeneza kana kwamba inavaliwa kushoto, ndiyo maana ilimshinda dada hapa. Nilihitaji mtu wa kuishi nayo kulia, na mkono wa kulia wa Taratibu hutulia anapoandika, kama wa mwenye saa. Ndicho nilichotaka kukwambia siku ile. Hukunipa nafasi hata ya pumzi moja."

Chiriku alitamani sakafu ifunguke. Akamwendea Taratibu. "Nisamehe, ndugu yangu. Uliniona. Mbona hukusema?"

Taratibu alifikiri kwanza, kama kawaida yake. "Wewe uko kwenu," alisema. "Mimi ni mgeni. Nani angeniamini?"

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko fimbo. Yalimchoma Mama pia, kwa sababu alikumbuka alimtazama nani kwanza. Akamvuta Taratibu karibu. "Hapa si ugenini, mwanangu. Nami nisamehe."

Wiki iliyofuata Mama alikirudisha kijiti mahali pake, akaanza kuirekebisha saa upya. Saa ilivaliwa na Taratibu. Chiriku alipewa kazi ya kusimama mbele ya redio kila asubuhi, kidole juu, na kusema kile alichokiona, kiwe kizuri au kibaya. Baada ya kuoga, Taratibu aliikuta saa palepale kwenye kisahani, haijaguswa.

Siku ya mwisho milio ilipolia, Chiriku aliutazama mshale kwa makini, akaguna.

"Mama, imekimbia. Sekunde chache tu, lakini imekimbia. Na sijaigusa, haki ya nani!"

Mama aliangua kicheko. "Haya, hiyo ndiyo saa ninayoijua! Mpigie simu dada aje achukue saa ya baba yake."

Kisha akawaita wote wawili mezani. "Sikilizeni, wanangu. Fundi haogopi saa inayokosea. Anaogopa ile iliyofichwa kosa lake, kwa sababu hapo ataharibu palipokuwa pazima. Mtu naye ni hivyo. Ukiumwa na wivu, njoo uniambie, nitakusikiliza na tutautengeneza. Ukiuficha, utaharibu kitu kisichokukosea. Na mapenzi ya mama, Chiriku, siyo saa ya mkononi, kwamba ikiwa kwa huyu haipo kwa yule."

Chiriku alikuwa na la kujibu, tena refu. Alilimeza. Alimgeukia Taratibu, aliyekuwa amefungua kinywa taratibu kama kawaida yake, akamsubiri amalize.