Kaa Kumi na Wawili wa Nyamisati

Kreti lilikutwa nyuma ya banda la mizani, limepinduka kwenye tope la Nyamisati, lakiri zote mbili zimekatwa. Kaa kumi na wawili waliokuwa ndani hawakuwepo. Hata kipande cha gando hakikuonekana.

Inspekta Swaumu Mbonde wa polisi Kibiti alichuchumaa, akalitazama kreti hilo bila haraka. Konstebo Twalha, aliyekuwa akipiga picha mahali pa tukio, alinong'ona kwamba miaka sita kazini hajawahi kupigiwa simu na mkubwa kwa ajili ya mboga.

Mboga! Mboga hiyo ilikuwa na serikali mbili nyuma yake. Miezi mitatu nyuma, nchi inayonunua kaa wa delta ya Rufiji ilifunga soko, ikidai wamekutwa na madini ya risasi. Ubalozi wetu kule ukapinga. Mkataba wa biashara unasema humfungii mwenzio mlango mpaka sampuli zichukuliwe kwa pamoja, zitiwe lakiri za pande zote mbili, zikapimwe. Ndipo afisa biashara wa ubalozi, Bi Muzdalifa, alipofunga safari na mtaalamu wa nchi ile. Ijumaa asubuhi wakachagua kaa kumi na wawili kwenye vizimba vya ushirika, kreti likafungwa. Mchana, wageni wakiwa mezani wanakula, kaa wakayeyuka.

Mwisho wa kupeleka sampuli ulikuwa Jumamosi jioni. Ukipita, pingamizi linaanguka na soko linabaki limefungwa mwaka mzima. Na delta ile, tusidanganyane, ilikuwa inasomesha watoto kwa kaa.

"Huku hakuna kiwanda hata kimoja," Muzdalifa alimwambia inspekta. "Hiyo risasi inatoka wapi? Nimeandika barua tatu kwamba si yetu, lakini usingizi sipati."

Swali hilo lilimkaa Swaumu kichwani kama mwiba wa samaki kooni. Aliitwa kutafuta mwizi, naye sasa alitaka kujua habari ya risasi pia.

Alianza na mlinzi, mzee Kondo.

"Uliondoka saa ngapi?"

"Adhana ilipolia, afande."

"Ukarudi?"

"Swala ilipokwisha. Nusu saa, si zaidi."

"Nani alijua utaondoka?"

"Leo Ijumaa, afande. Nani asiyejua?"

Haitham, mfanyabiashara mwenye kizimba kikubwa kuliko vyote, alitaka Kondo atiwe pingu pale pale. Alisema mzee kauza kaa, na akalisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. Swaumu alimwomba akae kivulini apumzike.

Kisha akarudi kwenye tope. Kutoka kwenye kreti hadi ukingo wa maji palikuwa na vijistari vyembamba, safu kwa safu. Zilikuwa alama za miguu ya kaa. Walikuwa wamekwenda zao wenyewe.

Hapo udadisi ukampanda. Mwizi wa kuuza huwaacha kaa wamefungwa, maana kaa aliyefunguliwa humvunja mwenzie gando, na kaa bila gando hana bei. Mwizi wa kula hubeba kreti zima. Huyu alikaa akafungua mmoja mmoja, akawarudisha majini, na vipande vya ukindu walivyofungiwa akaondoka navyo.

Alimwagiza Twalha ajaribu kumfungua kaa mmoja wa kizimbani. Konstebo alijaribu. Kelele aliyopiga iliwachekesha hata wale waliokuwa wamenuna tangu mchana.

"Nani hapa anaweza kufungua kumi na wawili kwa nusu saa?" Swaumu aliuliza.

 Mmoja wa waliokuwa wakicheka akaelekeza nyumba kwa kidevu. Ilikuwa ya Bi Mwamini, anayewafunga kaa wote wa ushirika. Ni dada yake Haitham, tumbo moja, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Bi Mwamini alikuwa uani. Swaumu alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akapewa kigoda na kikombe cha chai ya tangawizi. Kando ya mlango palikuwa na beseni, na ndani yake ukindu umelowekwa. Inspekta alivinyanyua vipande kimoja kimoja. Vilikuwa ishirini na vinne, viwili kwa kila kaa, na kila kimoja kilikuwa na kikunjo cha fundo lililofunguliwa.

Bibi alisema ukindu mzuri hautupwi, hulowekwa ukatumika tena. Alisema hivyo kabla ya kufikiri, na alipofikiri akaweka kikombe chini.

Lakini macho ya Swaumu yalikuwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa imeungwaungwa kwa vipande vya nailoni ya buluu, kila kimoja urefu wa shubiri mbili, zaidi ya mia. Kanuni ya ushirika ni kaa kufungwa kwa ukindu tu.

Inspekta alimpa onyo la kisheria kwamba halazimiki kusema neno, na atakalosema litaandikwa. Kisha akauliza.

"Nailoni hii ilifunga nini, mama?"

"Kaa."

"Wa wapi?"

Bibi alitazama nguo zake. "Wa mjini, mwanangu. Vijito vya kule viwandani. Haitham anawashusha Bungu, kule barabara kuu, analeta huku kwa pikipiki. Mie natoa nailoni, nafunga ukindu. Wanakuwa wa kwetu."

"Na leo?"

"Leo wageni wamechagua, nikaambiwa nikaze mafundo. Watano wakawa ni wale wa mjini. Nailoni inaacha alama kwenye gando, haifutiki. Nikasema hawa wakipimwa, delta imekwisha. Nikawarudisha majini."

"Wote?"

"Ningebakisha saba, mngeuliza kwa nini saba."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimtaje mdogo wangu mbele ya wageni? Niliona wakipotea, watachukua wengine, kama mtu anavyokataa samaki sokoni akachagua mwingine. Wallahi sikujua kuwa kile kidude cha kwenye kreti kikikatwa soko linabaki limefungwa."

Alilia hapo, akijifuta kwa ncha ya kanga.

Haitham alikana mpaka alipowekewa nailoni mapajani. Alikuwa ameahidi tani ambazo delta haikuwa nazo, akaogopa mnunuzi angehamia kwingine. Hakumtazama dada yake.

Swaumu alitarajia Muzdalifa angefoka. Muzdalifa alikaa juu ya lile kreti tupu.

"Barua tatu," alisema. "Kumbe walikuwa sahihi, na sisi pia. Angeniambia asubuhi, ningewatoa wale watano mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Aliandika ya nne palepale, yenye ukweli wote. Mtaalamu aliisoma mara mbili. Alikubali sampuli mpya kwa sharti moja: kaa watoke mtegoni mbele ya macho yake, wafungwe mbele ya macho yake.

Jumamosi maji yalipokupwa, mitego ikanyanyuliwa. Wavuvi wawili walijaribu kufunga, mafundo yakawafunguka, na saa zilikuwa zinakwenda. Muzdalifa akamwuliza inspekta kama bibi yule anaaminika.

"Leo Nyamisati nzima hakuna anayetazamwa kama yeye," Swaumu alijibu.

Bi Mwamini aliletwa. Alifunga kumi na wawili bila kuumwa, bila kuinua macho kwenye gari la polisi alimokaa mdogo wake. Lakiri zikapigwa, kreti likaondoka saa nne asubuhi.

Alinawa tope, akamnyooshea inspekta mikono yote miwili.

"Usikaze sana, mwanangu," alisema. "Inaacha alama."