Ramani ya Kuazima

Kila asubuhi, kabla ya chai, Fundi alikunja godoro la mama yake na kulisimamisha nyuma ya mlango. Kisha alivuta cherehani katikati ya sebule. Chumba hicho kimoja kilikuwa cha mama kulala, cha familia kula, cha wageni kukaa na cha Fundi kushonea. Watu wa mtaa walimwita Fundi kwa sababu nguo zake zilimkaa mtu vizuri. Sketi yake haikubana kiuno wala haikuning'inia nyuma.

Mama alikuwa mgonjwa wa goti. Alihamia kwa Fundi, bintiye, ili awe karibu na zahanati. Mteja akija kujaribu gauni, mama alinyanyuka polepole, akaenda kukaa jikoni juu ya ndoo. Hakulalamika kwa maneno. Alilalamika kwa mkoba. Mkoba wake mweusi ulikaa karibu na mlango, umefungwa zipu, nguo zote ndani. Ulikaa hivyo miezi mitano.

"Mama, toa basi nguo kwenye mkoba," Fundi alimwambia.

"Nizitoe niziweke wapi? Juu ya cherehani?" mama alijibu. "Shule zikifungwa mwisho wa mwaka na chumba hakuna, mimi narudi kwangu. Sikuja hapa kuwa kizingiti, watu wananiruka."

Fundi alijua maana ya kurudi huko. Ni nyumba tupu, zahanati iko mbali, na hakuna hata mtu wa kumchotea maji. Ndiyo maana yeye na mumewe waliamua kuongeza chumba nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo walipokosea, na walikosea huku wakijiona wajanja.

Nyumba za mtaa ule zilijengwa zote kwa mfano mmoja. Ukirudi umechoka, ungeweza kuingia kwa jirani ukavua viatu. Wifi yake Fundi alikaa nyumba ya nne kutoka hapo. Mwaka uliopita aliongeza chumba, tena kwa kibali.

"Ya nini kumsumbua mchora ramani?" mume alisema. Alikuwa dereva wa lori la mchanga, na alipenda njia za mkato. "Nyumba yetu na ya dada ni mapacha. Tutoe nakala ya ramani yake, tubadilishe jina na namba ya kiwanja. Kwisha kazi."

Wifi akawapa ramani. Wakatoa nakala, wakabandika jina lao juu ya jina lake, wakapeleka ofisi ya mipango miji.

Baada ya wiki sita barua ikaja. Fundi alisoma mstari wa kwanza tu: ombi limekataliwa. Hasira zikampanda. Akaikunja barua, akaitupa kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo.

Kesho yake alipanga foleni ofisini.

"Sababu ziko kwenye barua, mama," karani alimwambia.

"Barua nimeiacha nyumbani."

"Basi kaisome."

Wiki iliyofuata alikwenda tena, akaambiwa afisa amesafiri kikazi. Mara ya tatu alikuta dirisha limefungwa. Kikaratasi kilisema, "Narudi punde." Punde hiyo ilikwisha saa tisa alasiri. Fundi alipopata nafasi, alipeleka nakala nyingine ya ramani ileile, safari hii ndani ya jalada zuri la plastiki. Ikakataliwa tena baada ya wiki mbili. Barua ya pili nayo ikaenda kulala na vifungo.

"Hawa watu wanataka nini?" Fundi aliuliza. "Kiwanja chetu, nyumba yetu, mama yangu. Nimechoka. Maji yamenifika shingoni."

"Wanatuzungusha tu," mume alisema. "Tofali tunazo. Jumapili ofisi zimefungwa. Tunyanyue kuta, Jumatatu wakute chumba."

"Wakija na rangi nyekundu je, kama kwa kinyozi?"

Kinyozi wa barabara ya pili alijenga kibanda bila kibali. Waliandika alama nyekundu ukutani, kisha wakabomoa. Mpaka leo ananyoa watu juani, kati ya vifusi.

"Huenda wasipite huku," mume alisema.

"Huenda," Fundi alijibu. Hata kubishana hakuwa na nguvu tena.

Mama alisikia yote. Akausogeza mkoba wake karibu zaidi na mlango.

Alhamisi alipita dada wa mita. Huyu alikuwa mfanyakazi wa idara ya maji, na kila mwezi alisoma mita za mtaa mzima. Fundi ndiye aliyemshonea sare yake. Aliposoma mita nyuma ya nyumba, aliona tofali zimepangwa juu ya kifuniko cha zege. Akarudi sebuleni.

"Fundi, zile tofali ni za nini?"

"Za chumba cha mama. Wametukatalia mara mbili. Wana roho mbaya tu."

"Wamesema kwa nini?"

Fundi akavuta droo, akatoa barua zote mbili kati ya vifungo. Dada wa mita akafunua ukurasa wa pili wa barua ya kwanza. Ukurasa huo ulikuwa haujafunuliwa hata mara moja.

"Sikiliza. Chumba mnachotaka kujenga kitakaa juu ya bomba kuu la maji taka. Kile kifuniko nyuma ni chemba, ndipo mafundi wanapoingilia kuzibua bomba. Likiziba, watachimba wapi? Chini ya kitanda cha mama?"

"Mbona wifi yangu alikubaliwa? Nyumba ni ileile."

"Nyumba ni ileile, kiwanja ni kingine. Bomba linakata kona kwa jirani yako wa pili, linaenda upande wa barabara. Nyuma kwa wifi yako hakuna kitu. Ramani hii mmechorewa na nani?"

Fundi akasema ukweli wote.

Mama, ambaye alikuwa hajacheka wiki nzima, akacheka. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema.

Fundi aliona aibu. Kwa miaka kumi na minane hajawahi kukata kitambaa cha mtu kwa vipimo vya mwingine. Hata mapacha wa mtaani huwapima mmoja mmoja. Na hapo alipokaa, futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza.

"Kukataliwa si mwisho," dada wa mita alisema. "Barua inasema mna siku sitini kupeleka ramani iliyorekebishwa. Kama wangekosea wao, mngekata rufaa. Hapa hawajakosea. Tafuteni mchora ramani anayetambulika, aje apime kiwanja chenu wenyewe. Mwonesheni chemba. Kisha ombeni miadi na afisa, mkamuulize chumba kinaweza kukaa wapi. Mwende na barua, kurasa zote."

"Na mume wangu na Jumapili yake?"

"Mwambie ukuta juu ya bomba nitauona mimi kabla ya wao."

Mume aliporudi alisoma barua akiwa amesimama.

"Siku zote hizi sababu ilikuwa kwenye vifungo, na mimi nabeba tofali?"

"Ndiyo. Na wazo la nakala lilikuwa la nani?"

Mume akatoka nje kuhamisha tofali. Hakuna aliyemtuma.

Mchora ramani alikuja, akapima kila upande. Afisa akawaeleza jambo lote kwa dakika kumi. Fundi alitaka kulia kwa hasira, maana alikuwa ametaabika karibu miezi mitatu. Chumba kikahamia ubavuni mwa nyumba, mbali na bomba na mbali na mpaka wa jirani. Kikapungua kidogo. Mlangoni wakachora mteremko badala ya ngazi, kwa ajili ya goti.

Kibali kilikuja baada ya mwezi. Ndipo wakachimba msingi. Mkaguzi akaukagua kabla hawajapandisha kuta.

Shule zilifungwa paa likiwa bado. Mama akautazama mkoba, akalitazama paa. "Nawapa wiki mbili," alisema.

Wiki mbili zilipokwisha, paa lilikuwa tayari na mama alihamia chumbani kwake, lakini mkoba aliuweka mlangoni, umefungwa vilevile. Fundi aliuona, akaudhika, akarudi kwenye cherehani.

Siku ya tano mkaguzi alikuja mara ya mwisho. Alilinganisha chumba na ramani, akatia saini.

"Mwanangu," mama alimuuliza mkaguzi, "hatakuja mtu na rangi nyekundu?"

"Hatakuja, mama. Chumba hiki ni halali."

Mkaguzi alipoondoka, mama alifungua zipu. Alitoa nguo moja moja, akazitundika ukutani. Kisha alimpa Fundi mkoba mtupu.

"Tia vitambaa vyako," alisema. "Mimi sina safari."