Waya Mweupe

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia nyumbani kuvua sare, akala alichokikuta mezani, kisha akaelekea gereji kwa baba yake. Hilo halikuwa jina lake la shuleni. Nyumbani walimpa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Baba, ambaye alikuwa fundi umeme wa magari, hakuchoshwa na maneno yake. Alimfundisha kushika koleo, kumenya nyaya na kuzifunga tepu, na Chiriku alikuwa na mikono mizuri kuliko kaka yake. Hata kaka alikubali, ingawa kwa shingo upande.

Siku hiyo kazi ilikuwa ya gari lao wenyewe, gari kuukuu lililoanza kuchakaa kabla Chiriku hajazaliwa. Bibi, mama yake mama, alikuwa amelazwa hospitali katika mji wa mbali. Mchana walikuwa wamepigiwa simu kwamba hali yake ni mbaya. Mama alitaka waondoke alfajiri ili amkute mama yake angali hai.

"Kwa ulafi wake wa mafuta, hili litatuacha njiani," baba alisema, akiwa amelala chali chini ya gari. "Ndiyo maana naibadilisha sensa, kile kifaa cha kupimia moshi. Ya zamani ilikuwa ikingoja bomba la moshi lipate moto ndipo ianze kazi. Hii mpya ina hita ndani yake, inajipasha yenyewe. Inapima moshi, halafu injini inajua iongeze mafuta au ipunguze."

"Kwa hiyo inaonja moshi kama mama anavyoonja mchuzi?"

"Hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba hii haikufukuzi jikoni."

Sensa ya zamani ilikuwa na waya mmoja tu, lakini hii ilikuwa na kadhaa. Baba aliunganisha nyingine zote, ukabaki mmoja mweupe, ule wa kupeleka umeme kwenye hita.

"Huu nakuachia wewe," alisema. "Umeme wake lazima utoke mahali unapokatika ukizima gari. Usipokatika, hita itawaka usiku kucha na kuinyonya betri. Kwa hiyo unapima mara mbili. Ukiwasha kwa ufunguo, taa ya kupimia iwake. Ukizima, nayo izime. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Mteja akaita nje, baba akatoka. Chiriku alijipenyeza chini ya dashibodi, akachagua waya mmoja kati ya zilizokuwa pale, akaugusa kwa taa ya kupimia. Ikawaka. Ufunguo ulikuwa umewashwa. Kuuzima apime tena kungemchukua muda mfupi tu, lakini alitaka baba akirudi akute kazi imekwisha, amsifie mbele ya mteja. Akaunganisha, akafunga tepu vizuri kabisa.

Baba alirudi na yule mteja. "Umepima mara mbili?"

"Ndiyo, baba."

"Mwone binti yangu huyu!" baba alimwambia mteja. Chiriku alichekelea, lakini kitu kilimchoma moyoni. Kusema kweli sasa kungekuwa kufungua tepu mbele ya mgeni. Akaanza kukusanya vifaa.

Jioni walirudi nyumbani na gari. Alfajiri baba aliingiza ufunguo akauzungusha. Kimya. Akauzungusha tena. Hata taa ya dashibodi haikuwaka. Walisukuma gari wote mpaka jasho likawatoka, lakini injini haikushtuka.

Baba alimgeukia kaka. "Wewe ndiye uliyekaa humu jana ukisikiliza redio."

"Nilizima, baba! Kweli tena, nilizima!"

"Redio haijizimi yenyewe. Tukirudi tutaongea."

Kaka alifuta machozi kwa mkono wa shati. Baba alipanda baiskeli kwenda kuchukua betri nyingine gereji, upande wa pili wa mji. Mama alikaa mlangoni na mfuko wake mapajani, macho barabarani. Hakumlaumu mtu. Chiriku alitamani angalau afoke.

Jua lilikuwa limepanda baba aliporudi. Alikuwa akikaza betri simu ya mama ilipolia. Mama alisikiliza, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa hivi?" Kisha mfuko ukamponyoka. Bibi alikuwa amefariki.

Mama alilia kwa sauti. Kaka alisimama peke yake kando ya ukuta, na Chiriku alijua anachokiwaza: kwamba lawama zote zitamwangukia yeye.

"Si kaka," alisema. "Ni mimi. Sikupima mara mbili. Nilipima ufunguo ukiwa umewashwa tu."

Baba aliingia chini ya dashibodi, akafungua tepu. Umeme wa waya ule ulikuwa haukatiki hata ufunguo ukizimwa.

"Kaa hapa uuhamishe huu mweupe," alisema. Chiriku alifanya kazi ile huku machozi yakimdondokea mikononi, akapima ufunguo ukiwashwa, akapima ukizimwa. Baba alimwendea kaka. "Nimekuonea, mwanangu. Nisamehe."

Kisha akachuchumaa mbele ya Chiriku. "Kukosea waya si ajabu, hata mimi nimekosea nyingi. Lakini nilipokuuliza, sikuwa natafuta kukukamata. Ungesema bado, tungepima pamoja tukamaliza. Uliposema ndiyo, ukanifanya niache kuangalia. Nikamwonea kaka yako, na asubuhi yetu ikatupotea."

"Tungemkuta hai, mama?" Chiriku aliuliza.

Mama alifuta uso kwa upande wa kanga. "Sijui, mwanangu. Labda. Muuguzi anasema aliniulizia kulipopambazuka, nimefika wapi." Akaokota mfuko wake. "Siwezi kukuambia kwamba si kitu, kwa sababu kinaniuma. Lakini umesema mwenyewe bila kulazimishwa, na kwa hilo nakushukuru. Kuanzia leo, ukweli useme mapema, wakati bado unaweza kumsaidia mtu. Njoo ukae na mimi."

Waliingia wote garini kwenda msibani. Injini iliitika mara moja, na njia nzima gari lilikwenda vizuri, bila moshi wala kukohoa. Hakuna aliyelisifu.