Sajini na Chumvi ya Mbuzi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Karambu alichukua tambara na ndoo akapiga magoti sebuleni. Kazi hiyo ilimwangukia tangu siku alipoomba kufuga mbwa. Sajini, mbwa wake wa miezi saba, alikuwa ameshakojoa mlangoni, kando ya kabati, na mara nyingine chini ya meza ya kulia. Akimwona Karambu anapiga deki, alitikisa mkia kwa furaha kama mgeni wa heshima, kisha akaenda zake kunywa maji mengine.

Alikunywa bila kipimo. Alimaliza bakuli asubuhi, akamaliza jingine mchana, na jioni akalamba hata maji ya povu kwenye beseni la nguo. Isiolo kuna joto na vumbi, na kila kiumbe hunywa, lakini Sajini alikuwa amepitiliza.

Karambu alijaribu kumfunza. Alimtoa nje kila alipopata nafasi, akamsifu alipokojoa mchangani. Sajini alishika mafunzo upesi. Alikojoa nje vizuri kabisa, akasifiwa, akarudi ndani na kukojoa tena.

Jumatano mama yake, karani katika ofisi za kaunti, alikanyaga dimbwi akiwa amevaa soksi, dakika chache kabla ya kwenda kazini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Karambu. Alivua soksi, akampigia simu kaka yake Mugendi, mwenye kibanda cha biashara kando ya barabara kule Ngaremara, akamwomba aje Jumapili ya wiki iliyofuata amchukue mbwa.

"Kule atalala nje, akojoe atakavyo," alisema. "Mimi nimechoka, Karambu. Hii nyumba imeanza kunuka."

Karambu alienda shuleni macho yakiwa mekundu. Sajini alikuwa akimsindikiza hadi langoni kila siku na kumngoja palepale jioni, na sasa angepelekwa mbali. Duba, jirani yake waliyesoma naye darasa moja, alimwonea huruma akampa wazo: asiyekunywa hakojoi. Karambu aliona ni wazo la maana. Ijumaa alfajiri aliliweka bakuli juu ya kabati, akafunika kila ndoo.

Kutwa nzima sakafu ilikuwa kavu, naye akajipongeza. Jumamosi asubuhi alimkuta Sajini amelala ubavu, ulimi umekauka, miguu ikimtetemeka. Aliitwa jina lake akashindwa hata kutikisa mkia. Karambu alimwita mama yake huku analia.

Mama, yule yule aliyechoka na mbwa, alimbeba Sajini mwenyewe hadi kivulini. Alimpigia simu Daktari Hamdia, daktari wa mifugo mwenye kliniki karibu na soko la mifugo. Daktari alisema wampe maji kidogo kidogo na wamlete bila kuchelewa. Akipata nafuu akakojoa, wakinge mkojo kidogo katika chombo safi chenye mpini mrefu.

Chombo cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, upawa wa kupakulia mchuzi. Mama aliutazama, akaupungia mkono wa kwaheri, akampa Karambu. Maji yalipomwingia, Sajini alisimama, akaanza kuzunguka ua. Karambu alimfuata ameinama, upawa mkononi. Lakini Sajini aliujua upawa ule. Kila ulipomkaribia aligeuka kuunusa, akitumaini kuna mchuzi. Walizunguka tangi la maji mara nne, Duba akiwa juu ya ukuta akicheka hadi machozi. Mara ya tano Sajini aliinua mguu, na Karambu hakukosea.

Huko kliniki, Daktari Hamdia alichovya kijikaratasi cha kupimia katika mkojo ule, akatazama rangi zake. Hakuona sukari, wala damu, wala dalili ya maambukizi. Alikunja uso kidogo.

"Anakula nini huyu?" aliuliza.

"Ugali," Karambu alijibu.

"Na nini?"

"Na supu."

Daktari aliweka kalamu mezani. "Mtoto wangu, nakuuliza mara ya tatu. Huyu mbwa hawezi kusema. Nikikosea dawa, ni yeye ataumia."

Karambu alimtazama mama yake, kisha Sajini, ambaye alikuwa ameegemeza kidevu kwenye kiatu chake. Angesema, angeaibika mbele ya mama, na baadaye mbele ya Mama Duba, jirani yao. Angenyamaza, huenda Sajini asingefika hata hiyo Ngaremara. Alisema yote. Aliona mbuzi wa Mama Duba wakilamba chumvi ya mifugo na kunona hadi manyoya yanang'aa. Sajini alikuwa mwembamba, na watoto walimcheka. Basi kila jioni aliingia ghalani kwa Mama Duba, akachota konzi ya chumvi bila kuomba, akaichanganya na chakula cha mbwa.

Daktari alishusha pumzi.

"Mbuzi ni mbuzi na mbwa ni mbwa," alisema. "Chumvi hiyo ndiyo ilimfanya anywe na kukojoa hivyo. Na ulipomnyima maji, ilibaki yote mwilini. Siku moja zaidi na ungempoteza. Kuanzia leo chumvi hakuna, maji yawe mbele yake kila wakati."

Walipitia kwa Mama Duba kabla ya kufika nyumbani. Baada ya salaam aleikum, Karambu alikiri wizi wake akitazama chini. Mama Duba alimsikiliza hadi mwisho, akasema kumbe si panya waliokuwa wakimaliza chumvi yake. Adhabu yake ilikuwa kujaza maji birika la mbuzi kila jioni kwa wiki nzima, na Karambu aliifanya bila kunung'unika.

Siku ya tatu dimbwi lilikuwa moja tu. Siku ya sita sakafu ilikuwa kavu, bakuli likiwa limejaa maji sebuleni.

Jumapili Mjomba Mugendi alifika na kamba. Mama alimwambia atarudi nayo hivyo hivyo, ila anywe chai kwanza. Mjomba alikuwa na kiu ya safari, akaona upawa umetundikwa kwenye msumari kando ya tangi, akauchukua na kufungulia bomba.

Karambu angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemuuliza kitu. Lakini alikimbia.

"Mjomba, usinywee huo," alisema akihema. "Huo ni wa mkojo wa Sajini."

Mjomba aliushusha taratibu sana. Mama alicheka hadi akashika ukuta, kisha akamvuta Karambu karibu.

"Unaona, mwanangu? Daktari alikuuliza mara tatu na mbwa akakaribia kufa. Leo hukungoja kuulizwa, na mjomba wako amepona. Ukweli useme mapema, wakati bado unaweza kumsaidia mtu."

"Au mbwa," alisema Karambu.

"Au mbwa," Mama alikubali, akaenda kumtafutia mjomba kikombe.