Siku Mkono Ulipoacha Kuuma

"Ukiulizwa, uliteleza bafuni. Umenielewa, mke wangu?"

Mume wangu alikuwa ananifunga vifungo vya blauzi, taratibu, kama enzi za fungate. Vidole hivyohivyo ndivyo vilivyoshika spana ya gereji yake na kunivunja mkono, kisa nimechelewa kupokea simu. Madaktari walinipasua, wakaunga mfupa kwa chuma. Mkono ukaumuka, na maumivu yakanitafuna mpaka nikawa kama zezeta.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akinipeleka hospitali. Naye aliamini niliteleza.

Kwenye chumba cha tiba ya viungo, mtaalamu, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, alinivisha pete pana ya plastiki juu ya bandeji. Waya wake ulikwenda kwenye kisanduku mezani.

"Inatuma nguvu ya sumaku kwa mapigo mafupimafupi. Hutasikia kitu. Inasaidia kupunguza uvimbe na maumivu, ila dawa zako usiache."

"Haipigi shoti?"

"Ingekuwa inapiga, mwanangu, mimi ningeshakaangika zamani!"

Nilirudi mara kadhaa. Uvimbe ukaanza kunywea. Asubuhi moja, pete ikiwa mkononi, niligundua nimekaa kitambo bila kukaza meno kwa maumivu. Kichwa kikatulia. Kilipotulia, yote yakanirudia: spana, mateke, na yeye akinipangusa damu huku akilia kuliko mimi.

Machozi yakanitoka.

"Inauma?" mtaalamu aliuliza.

"Hapana. Haiumi."

Akatazama alama za vidole shingoni mwangu. "Nani kakufanyia hivi?"

"Mume wangu. Na mkono ni yeye."

Mama mkwe aliruka kutoka kwenye benchi. "Unasemaje wewe?"

Kabla sijajibu, mlango ulipigwa teke. Kumbe mume wangu alikuwa ametufuata, amesimama nje akisikia kila neno.

"Unanichafua mbele za watu?"

Akaing'oa ile pete, akanivuta kwa mkono uleule mbovu. Nilipiga yowe. Kisanduku kikapasuka sakafuni. Mtaalamu alipoingia kati alikula ngumi ya mdomo, akaenda chini.

"Leo nakuua!" Mikono yake ikanikaba koo.

Mama mkwe akamrukia mgongoni. "Mwachie! Mwachie, nimesema!"

Mkono mmoja ukiwa bado kooni mwangu, alimtupa mama yake ukutani kwa ule mwingine. Paji la uso likapasuka, damu ikamfunika jicho. Hapo ndipo aliponiachia, na walinzi wakamdaka.

"Mama, sikukusudia..."

"Baba yako naye alikuwa akisema hivyohivyo."

Aliwekwa mahabusu. Kesho yake, nikiwa kwa mama mkwe, meseji ikaingia kutoka namba nisiyoijua:

"Mke wangu, ni mimi, nimeazima simu. Nakupenda kufa. Waambie polisi tumeyamaliza, turudi nyumbani."

Niliisoma mpaka herufi zikacheza machoni.

"Mama, nikikwambia bado nampenda, utanicheka?"

"Nikucheke nini? Mimi ndiye niliyemzaa." Akajifunga kitambaa juu ya mshono wa paji la uso. "Vaa viatu, mwanangu."

Tukaenda kituoni, yeye kanishika kiuno, mimi mkono umening'inizwa shingoni kwa bandeji. Askari akauliza nani ataanza kutoa maelezo.

Mama mkwe akavuta kiti, akakaa.

"Andika," akasema. "Mtuhumiwa ni mwanangu."